Kiu ya Kathini

Umewahi kuogopa kikombe cha maji?

Sisemi maji ya kipindupindu, wala maji ya mafuriko. Nasema kikombe cha plastiki, maji safi, mchana kweupe, kikiwa mkononi mwa baba anayempa binti yake kwa upendo. Mimi nimekiogopa. Bado nakiogopa, na huku kwetu Makueni, ambako mvua ikikosa misimu miwili watu huuza mbuzi ili wanunue maji, kusema hivyo ni kama kutukana. Lakini nataka kumwandika Kathini, na Kathini haandikiki bila kikombe hicho.

Nilimjua nilipotoka chuoni na shahada yangu, nikakosa kazi, nikafungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala pale sokoni Mukuyuni. Kibanda cha kushoto kilikuwa chake. Alishona sare za shule na magauni ya kina mama wa kanisa, na miguuni pake, kando ya pedali ya cherehani, paliwekwa mtungi wa maji wa lita ishirini. Asubuhi ulikuwa umejaa. Jioni ulikuwa mtupu. Hakuyafulia wala hakuyauza. Alikuwa ameyanywa yote, na akienda nyumbani alikunywa mengine.

“Tanki, umepakia leo?” muuza nyanya wa upande wa pili alipenda kumwuliza.

“Nimepakia. Lete nyanya zako nizisuuze, zina vumbi kama miguu yako.”

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akainuka kwenda chooni nyuma ya soko, maana yaliyoingia yalitoka, meupe kama yalivyoingia. Alishona mshono mmoja, akatoka. Akashona mwingine, akatoka. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Safari ya mbali hakuweza. Aliwahi kuolewa upande wa Kitui, kwenye vilima ambako wanawake huamkia mto wa mchanga kufukua maji kwa bakuli, na mama mkwe alivumilia kwa muda, kisha akasema nyumba nzima haiwezi kumchotea maji mtu mmoja. Kathini akarudishwa kwao na cherehani yake.

Usidhani hakutafuta matibabu. Kila zahanati aliyoingia walimchoma kidole, wakapima sukari, wakamwambia hana kisukari, aende nyumbani, apunguze maji. Apunguze maji. Alijaribu kupunguza, na kabla ya adhuhuri ulimi ulikauka, macho yakaingia ndani, akaanguka. Katika nchi yenye madaktari waliosoma kwa jasho la wakulima wa ndengu, mtu anaishi miaka kumi na ugonjwa wenye jina na wenye dawa, na hakuna anayemwambia hata hilo jina.

Aliyemletea maji ni baba yake, Mzee Muindi. Alikuja kila asubuhi na punda wake, akashusha mtungi, akausogeza kwa mguu hadi pale pale. Kisha akamsalimu bintiye kwa heshima ambayo mgeni angeshangaa kuisikia.

“Mwaitu, umeamkaje?”

Mwaitu ni mama. Kathini alipewa jina la mama yake Muindi, na kwetu aliyepewa jina ameshika nafasi. Baba humwita binti huyo mama, humwinamia kidogo, na binti naye, tangu akiwa mdogo, hujua kuwa huyu mzee ni mtoto wake.

“Umechelewa, mwanangu,” Kathini alimjibu. “Nimekaukiwa hapa na wewe hujali.”

“Punda amegoma.”

“Punda au wewe? Mwone. Hata shati hujafunga vifungo.”

Akamfungia vifungo, mzee akisimama wima kama mtoto wa shule, na soko zima likaona jambo hilo kuwa sawa kabisa. Ni sawa. Mimi mwenyewe ninapenda desturi hiyo, kwamba aliyekufa haachwi nje, anaingizwa ndani kwa jina la mtoto na kutengewa nafasi mezani. Sikujua bado kwamba kuna wafu wanaoingia na kiu yao.

Mwaka jana alikuja hospitali kubwa ya kaunti, kule mjini Wote, daktari kijana wa kike anayeitwa Hibaq, kutoka familia ya wafuga ngamia wa kaskazini. Nilimpeleka Kathini kwake. Alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wengine hawakuwahi kulifanya, kisha akatuchorea kwenye kipande cha karatasi. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Tezi hiyo hutoa homoni inayoziambia figo: shika maji, usiyaache yote yaende. Kwa watu wachache sana, homoni hiyo hukatika. Figo hazisikii tena amri, zinamwaga, na mtu hunywa kama shimo.

“Nafikiri ndilo lako,” alisema. “Lakini lazima nihakikishe, na kuhakikisha ni kubaya. Nitakunyima maji kuanzia asubuhi, nikikupima uzito na mkojo, hadi mwili uniambie. Nitakaa nawe muda wote. Sitakuacha udhurike.”

Kathini akauliza, “Na baba yangu awe wapi?”

“Nje.”

“Basi awe mbali na dirisha.”

Siku ya kipimo tuliketi mimi na Mzee Muindi kwenye benchi ukumbini. Hatukukaa mbali vya kutosha. Mwanzo tulisikia mazungumzo na kicheko. Baadaye kicheko kikaisha. Jua lilipopanda tulimsikia akiomba, kwa sauti ambayo sikuijua, nzito, kama ulimi ulikuwa wa mtu mwingine. Naomba maji. Dada, lowesha tu midomo. Naomba maji.

Mzee alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Nilidhani angeinuka aende kuvunja mlango. Badala yake akaanza kusema, akitazama sakafu.

Ilikuwa ile njaa kubwa ya miaka ya sabini, yeye akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mbuzi walikwisha. Mama yake alisikia kwamba kule Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, kuna chemchemi isiyokauka na ndugu anayeweza kuwapokea, wakaondoka kwa miguu, wao wawili, na kibuyu kimoja. Njia ilikuwa ndefu kuliko walivyoambiwa.

“Kila nilipolia alinipa kibuyu,” Mzee alisema. “Nikimwuliza, mama, na wewe? Alisema, kunywa, mimi sina kiu. Nikanywa. Jioni tena, mimi sina kiu. Nikanywa mpaka kibuyu kikawa chepesi. Asubuhi hakuamka.”

Wapita njia walimfukia hapo hapo, wakamchukua mtoto. Alipokuwa mtu mzima alirudi kutafuta mahali penyewe, akatembea kandokando ya barabara ya Mombasa hadi akachoka. Kila kichaka kilifanana na kingine.

“Sasa unaelewa,” akaniambia. “Kathini alipoanza kuomba maji, mke wangu alilia. Mimi sikulia. Nilisema, afadhali. Afadhali sasa anaomba. Wakati ule hakuomba.”

Ndani, sauti ikaendelea. Mzee akajiziba masikio. Nilitazama ukuta na kwa mara ya kwanza maishani nikahisi kwamba kwenye benchi lile hatukuwa wawili.

Kipimo kilithibitisha. Daktari Hibaq alimpa dozi moja aliyokuwa ameiagiza kutoka Nairobi kwa ajili ya kipimo, na kabla ya jioni figo zikatii. Baadaye, nguvu ya dozi hiyo ilipokwisha, tulimpeleka Nairobi, mitungi miwili ikiwa garini, na picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe wowote. Ni tezi tu iliyonyamaza, bila sababu ya kuonekana. Dawa inaitwa desmopresini, vidonge vidogo vyeupe, homoni ile ile iliyotengenezwa kiwandani. Haipatikani Mukuyuni. Haipatikani hata Wote. Gakenia, mwenye duka la dawa pale Emali kwenye barabara kuu, hutuagizia kutoka Nairobi, na kila mara inapochelewa ninajiuliza ni nani ameketi ofisini akaamua kwamba mgonjwa wa Makueni anaweza kusubiri.

Daktari alitoa sharti moja, akalirudia kwa Kiswahili cha taratibu ili mzee naye alishike. “Kuanzia leo, Kathini, unakunywa ukiwa na kiu tu. Dawa hii inafunga mlango. Ukijaza maji na mlango umefungwa, hayana pa kutokea. Yataingia kwenye damu, yaizimue chumvi yako, ubongo uvimbe. Ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Mzee, umenisikia?”

“Nimesikia,” alisema Mzee Muindi.

Wiki za kwanza zilikuwa kama sikukuu. Kathini alilala hadi jogoo wakachoka kuwika. Alishona gauni zima bila kuinuka, kisha akaja kwangu kunionyesha, si gauni, bali kwamba hakuinuka. Kanisani alihamia benchi la mbele na kukaa huko muda wote wa mahubiri marefu ya mchungaji, akitabasamu peke yake. Muuza nyanya akalalamika kwamba amenyimwa utani.

“Tanki imetobolewa?”

“Imezibwa. Tafuta mwingine wa kumcheka, au jitazame kwenye kioo.”

Na mtungi ukabaki umejaa. Hilo ndilo Mzee Muindi aliloliona. Alikuja jioni kuuchukua, akauinua, akaona uzito, akauweka chini tena. Nilimwona akisimama pale, mkono kwenye mshikio, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya ndugu na kukuta kimya.

“Mwaitu, hujanywa.”

“Sina kiu, mwanangu.”

Uso wa mzee ulibadilika. Kathini hakuuona kwa sababu alikuwa akikata uzi kwa meno. Mimi niliuona, na nilijua papo hapo alichosikia.

Kesho yake alikuja na kikombe. Alichota kutoka kwenye mtungi, akamshikia. Kidogo tu, mwaitu. Akanywa, kwa kumridhisha. Siku iliyofuata vikawa viwili. Nilimvuta mzee pembeni nikamweleza upya, nikamchorea na mimi tezi na figo na mlango, nikapandisha sauti hadi watu wakageuka.

“Ndululu,” aliniambia kwa upole, kwa jina langu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. “Daktari amemtibu Kathini. Nimeshukuru. Mama yangu ametibiwa na nani?”

Nilisoma miaka minne chuoni nikijibu maswali, na swali hilo halikuwamo.

Nikamgeukia Kathini. “Wewe mwambie hapana. Ni maisha yako.”

“Nimemwambia. Akaenda nyumbani, hakula, hakulala. Mama aliniambia alikaa uani hadi kukapambazuka akiita jina la mama yake.” Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, polepole. “Nikinywa kikombe kimoja, analala. Wewe ungefanyaje?”

“Kikombe kimoja hakikai kimoja.”

“Najua. Punguza sauti, ana masikio.”

Hivyo ndivyo walivyoishi, binti akimeza kidonge asubuhi ili apate uhai wake, na baba akija kuuzamisha kwa mikono yake. Kathini alianza kuumwa kichwa. Alisema ni macho, ni uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Vidole vilivimba, pete ikambana. Nilimwambia twende kwa daktari, akasema baada ya sare za muhula mpya. Nikampigia Daktari Hibaq mwenyewe, naye akasema mlete kesho bila kukosa. Kathini akakubali, twende kesho.

Lakini usiku huo mzee aliota. Alituambia mwenyewe alipofika kibandani asubuhi, kabla hatujaondoka, akiwa amevaa koti lake la mazishi kwenye joto lile la Oktoba. Alimwona mama yake kando ya barabara, amekaa, malori yakimpita. Hakuomba kitu. Alimtazama tu akasema, kunywa, mimi sina kiu.

“Mwaitu,” akasema, akachota. “Leo nisaidie.”

Kathini alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa. Nilisema hapana kwa sauti, nikakinyakua kikombe, maji yakamwagika kwenye sare za watoto, na mzee akapiga magoti. Mzee mwenye mvi, sokoni, mbele ya watu, magotini. Watu wakanipigia kelele kwamba sina adabu, kusoma kumeniharibu, nimwachie mzee mama yake. Mikono ikanishika. Kathini akaokota kikombe mwenyewe.

“Wacheni Ndululu,” alisema. “Mwanangu, inuka. Nitakunywa.”

Akanywa. Mzee akachota tena, machozi yakimtoka, akanywa tena. Sikuhesabu, na hata ningeweza nisingeandika hapa. Nilisimama nimeshikwa mabega na majirani ninaowapenda, nikisikia koo la Kathini likimeza, na nilihisi hakika, mimi nisiyeamini mambo hayo, kwamba kuna mwingine aliyekuwa akimeza pamoja naye na hashibi.

Safari ya kwa daktari aliisogeza hadi jioni, amalize kwanza sare. Mchana ulipoinama, Kathini alishona mkono wa shati kwenye shingo. Akacheka. Akaniita kwa jina la mume wake wa zamani, akaniuliza kama mto umefukuliwa. Kisha kichwa kikaenda nyuma, mikono ikakakamaa, na mwili wote ukaanza kupiga ubao wa kibanda.

Githaiga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitupakia kwenye gari lake juu ya mifuko ya saruji. Mzee Muindi alishika miguu ya bintiye njia nzima. Tulipofika Wote, Daktari Hibaq alipima damu, akatundika chupa ya maji ya chumvi nzito, akatuliza degedege. Ndipo akatujia, akachuchumaa mbele ya mzee ili macho yao yalingane.

“Chumvi ya damu yake imeshuka mno. Naipandisha, lakini polepole. Nikiharakisha nitamuumiza ubongo. Usiku huu ndio utakaoamua.”

“Ni maji?” mzee aliuliza.

“Ni maji, mzee. Amezama katika nchi kavu.”

“Ni mimi.”

Daktari hakumwambia hapana. Nilimheshimu kwa hilo. Alisema, “Kwetu pia kuna waliobaki njiani. Bibi yangu alizika watoto wawili kati ya kisima na kisima. Ninajua unachokisikia usiku. Lakini aliye kitandani mle ndani ana kiu yake na ana kushiba kwake, na akikuambia hana kiu, ni yeye anayesema. Leo haruhusiwi kunywa hata tone. Unaweza kukaa naye hivyo?”

Mzee aliinuka, akauelekea mlango wa wodi. “Nitakaa,” alisema.

Sitaeleza usiku ule. Nilikuwa ukumbini, yeye ndani, na hakuna kilichosikika.

Asubuhi, taa zilipozimwa na wauguzi wakaanza kubadilishana zamu, nilisimama mlangoni. Mzee Muindi alikuwa kwenye kiti, ameibana mikono katikati ya magoti. Kathini alikuwa amefungua macho. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka pembeni, na nilimwona mzee akiitazama midomo hiyo na asiweze kutazama kwingine.

“Mwaitu,” alisema. Akamwinamia. “Mwaitu, una kiu?”

Kathini alifikiri. Nilimwona akifikiri, akijitafuta ndani mwake kama mtu anayepapasa mfuko.

“Hapana,” alisema. “Nina njaa.”

Mzee hakuelewa. Aligeuka kwangu kana kwamba anataka nimtafsirie.

“Nina njaa, mwanangu,” Kathini akarudia. “Sijui lini mara ya mwisho nilikuwa na njaa. Tumbo lilikuwa limejaa maji kila siku. Nitafutie kitu.”

Muuguzi aliuliza daktari, daktari akakubali. Mzee akatoka, akapita karibu yangu bila kuniona, akakimbia. Nilimfuata kwa macho kupitia dirishani hadi langoni, koti la mazishi likipepea, akiwasukuma watu kwenye meza ya muuza mayai. Alirudi na mayai mawili ya kuchemsha, na chumvi imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alimenya la kwanza, maganda yakaanguka kwenye shuka, akalichovya kwenye chumvi, akampa.

Kathini alikula. Alitafuna taratibu, akafumba macho. Kwenye yai la pili kiini kilimkwama kooni, akakohoa, na mzee akasimama ghafla. Pembeni mwa wodi kulikuwa na sinki, na bomba, na kikombe cha bati kimefungwa kwa mnyororo. Wagonjwa wengine walimtazama. Alipiga hatua mbili kuelekea huko.

Kathini aliendelea kukohoa, mkono kifuani.

Mzee akageuka. Akaliacha bomba mgongoni, akaganda hapo hapo katikati ya wodi, ngumi zimekunjwa, midomo ikisema kitu bila sauti, hadi kikohozi kikapita na bintiye akameza, akanyoosha mkono apewe kipande cha yai kilichobaki.